Ladius ya Nekesa

Nakumbuka siku moja huko Kitale, miaka ya themanini tukisomea uuguzi, nilimkuta mwenzangu Nekesa akikunja nguo zake. Alikuwa ameanguka mtihani wa mifupa. Akianguka na ule wa marudio angerudishwa kwao Misikhu, huko Bungoma, na uuguzi uishie hapo.

Mwanangu, mimi ni mdadisi tangu utotoni. Mama alizoea kuniita Kwa-Nini. Nilishangaa: msichana huyu aliimba nyimbo zote za kanisa bila kitabu, mbona mifupa inamponyoka? Kuuliza si ujinga, nikamuuliza.

"Mimi nikisoma na macho tu, inatoka," akasema. "Si unipee mkono nijaribu?"

Basi kila jioni, tukingoja maji bombani, alinibonyeza mfupa mmoja mmoja akiutaja kwa sauti, kwa tuni ya kwaya. Mimi ili nielewe nilitaka kimya na kitabu. Yeye alitaka kelele na mkono wa mtu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Siku ya marudio, mwalimu wetu, Sista Njoki, alimwambia ataje mifupa ya mkono huku akiionyesha kwenye mkono wangu. Alipofika kwenye radius, ule mfupa wa upande wa kidole gumba, Nekesa akasema, "Ladius." Unajua tena watu wa Bungoma na hiyo r. Darasa likaangua kicheko. Nikamwonea huruma.

Sista Njoki hakucheka. "Mnacheka ulimi," akasema. "Kidole chake kimeenda wapi?"

Tukatazama. Kilikuwa mahali pake. Akaendelea hadi mfupa wa mwisho bila kukosea, akapita.

"Sasa ujifunze kuandika r," Sista akamwambia. "Daktari atasoma faili, hataona kidole chako."

"Nitajifunza, Sista. Nipee tu mtu wa kunitamkia."

Nilifurahi kuliko siku niliyopita mimi mwenyewe, kwa sababu Nekesa alikuwa amejijua.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiona mwenzako darasani anachelewa kuelewa, usiulize kama ana akili. Uliza akili yake huingilia mlango gani. Nawe ukishaujua wako, usiuonee haya, hata wakikucheka. Mungu akufungulie.