Keziah Rudd, Malkia wa Masuke

"Mmenimaliza," alisema Bwana Garrod. "Shamba mmelila mpaka mifupa. Baridi ikija, mimi na mke wangu tutakula nyasi zizini pamoja na ng'ombe, na hao ng'ombe watatuonea huruma."

"Watajionea huruma wenyewe, Bwana Garrod," Keziah Rudd akamjibu. "Wewe ukianza kula nyasi, wao watabaki na nini?"

Mwanamke mmoja nyuma alicheka, halafu akajifanya anakohoa. Ambrose Garrod alikuwa mtu mnene, tumbo lake lilikuwa linafika getini kabla yake. Mimi sikucheka. Wakati huo nilikuwa mmoja wa waendesha mikokoteni wake, na farasi wa kigari chake nilikuwa nimemshika mimi pale njiani. Tumbo linalokulipa mshahara hulicheki.

Tulikuwa kwenye geti la Long Dole, shamba kubwa kuliko yote hapa Pettlestow. Ngano ilishavunwa na kubebwa, yamebaki mabua tu, na mvua iliyomwagika alasiri ilikuwa imeacha tope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Wanawake wa kijiji walisimama upande wa ndani na magunia yao na aproni zimejaa masuke. Garrod alikuwa amesimama katikati ya geti, kwa hiyo hakukuwa na kutoka. Na chini, kati yake na Keziah, ulilala mganda mmoja wa ngano umelowa chapachapa, ambao Garrod mwenyewe alikuwa ameuvuta kutoka mtaroni dakika chache kabla.

Mganda huo ndio uliokuwa kesi.

Desturi yetu ni hivi. Mkulima akishabeba ngano yake, masuke yaliyodondoka ni ya wanawake wa kijiji. Si sheria. Sheria ilishasema zamani kwamba hatuna haki yoyote, na wakulima wa Hartsby, ng'ambo ya mto, walishaisoma vizuri na kufunga mageti. Sisi tulibaki na desturi. Lakini mkulima huacha mganda mmoja umesimama katikati ya shamba, nao tunauita Mlinzi. Mlinzi akiwa amesimama huingii, hata kama suke limelala karibu na kidole chako cha mguu na wanao hawajala tangu jana. Mkulima akiridhika kwamba amepata chake, anamwondoa Mlinzi. Hapo malkia anapiga kengele na wote mnaingia pamoja, mwenye nguvu na mgonjwa, ili asiwepo wa kuwahi.

Malkia alikuwa Keziah. Taji hakuwa nalo. Alikuwa na kofia ya kitambaa ya marehemu mama yake, buti za mumewe, na ile kengele ya mkono ya shule ya zamani. Kila mwaka mavuno yakiisha wanawake walikutana kwenye pampu ya maji kuchagua malkia, na kila mwaka walimchagua yeye, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa yule aliyemshinda. Nimewahi kumwona akimmwagisha dada yake wa tumbo moja aproni nzima kwa kuinama kabla kengele haijalia. Dada mtu alikaa bila kumsemesha mpaka Krismasi, na hata hiyo Krismasi alimsemesha kwa kupitia paka. Mwaka mwingine kasisi alikuja kutubariki, mzee wa watu, akaruka mtaro kabla ya wakati. Keziah akamwambia arudi alikotoka na abariki akiwa ng'ambo, Mungu anasikia hata kutoka barabarani. Kasisi akarudi.

Ndiyo maana siku hiyo ilikuwa mbaya. Angekuwa mwanamke mwingine yeyote, tungesema ni uzembe tu.

Garrod alimaliza kubeba ngano ya Long Dole, akapitisha ile reki kubwa ya farasi, shamba likawa safi kama kichwa kilichonyolewa. Mlinzi akabaki. Siku zikapita, Mlinzi bado amesimama. Tukaanza kusikia kwamba amenunua nguruwe na anataka kuwaachia shamba wao kwanza. Nguruwe wakishapita, mwanamke anayeingia baada yao ataokota alama za kwato zao tu. Halafu hewa ikawa nzito, mbayuwayu wanaruka chini chini, na mawingu yakaanza kujazana upande wa magharibi. Suke likilowa likiwa chini linaota. Ukisaga ngano iliyoota unapata mkate unaonata kwenye kisu kama gundi. Long Dole peke yake ilikuwa nusu ya unga wa kijiji wa msimu wa baridi, na Garrod, Mlinzi wake akiwa amesimama vilevile, alikuwa anafunga farasi kwenye kigari kwenda mnadani mjini.

Yaliyotokea alfajiri ile nimeyapata kwa mke wangu Dorcas, aliyeniletea chai adhuhuri, akamwaga nusu yake kwenye suruali yangu kwa haraka ya kusimulia. Yeye na Keziah walikuwa wametangulia getini kama kawaida. Wakamkuta Lettice Fenn yumo shambani peke yake. Lettice alikuwa mjane bado mbichi. Mumewe alipigwa teke na farasi wa shamba hilohilo majira ya baridi yaliyopita, akamwachia watoto watatu. Alikuwa amemkumbatia Mlinzi kifuani kama anayecheza naye dansi, anamburuta kuelekea mtaroni.

Dorcas alisubiri Keziah afungue kinywa. Sauti ya Keziah ingemfanya jogoo wa shaba wa kuonyesha upepo aliye juu ya kanisa ageuke. Lakini hakusema kitu. Alitazama mawingu. Akatazama pale Mlinzi alipokuwa. Akakaa ukingoni mwa njia, kengele mapajani, mpaka wanawake wote walipofika na kuanza kuulizana, "Ameondolewa? Kweli Garrod kamwondoa?" Na hapo, Dorcas anasema, Keziah alisimama, akaishika kengele kama mtu anayeshika kaa la moto, akaipiga.

Waliokota mpaka mvua ilipoanza. Kisha Garrod akarudi kutoka mnadani.

"Mimi sigombei masuke," alisema sasa, na sauti yake ikashuka, ambayo ilinitisha kuliko kelele zake. "Babu yangu aliwaachia. Baba yangu aliwaachia. Kule Hartsby wananicheka, wanasema Garrod anafuga wanawake kama kunguru. Mimi nikawa nawatetea. Nikasema, watu wangu wanaheshimu Mlinzi. Mnaona mlivyonifanya?"

Alikuwa na haki yake, na kila mtu pale alijua.

"Mganda haukutembea wenyewe kwenda mtaroni," akaendelea. "Wala si wafanyakazi wangu, wangeupakia mkokoteni. Nataka jina. Jina moja tu. Huyo atakwenda na polisi Pask kwa hakimu, na ninyi wengine mtatoka hapa na mlichookota, na mwakani geti litakuwa wazi kama zamani. Msiponipa jina, mwageni vyote hapa hapa. Nguruwe watamalizia. Na geti hili wajukuu zenu watakuja kulisikia kwenye hadithi."

Hakimu mwenyewe angemtoza Lettice faini ambayo hana, au angempa siku chache za kufungwa. Hilo lingevumilika. Ila wazee wa wilaya wanaogawa msaada wa maskini, waliokuwa wakimpa Lettice mikate kila wiki, waliwapa wanawake wenye sifa njema tu. Mwizi hapewi. Mwizi anapelekwa nyumba ya maskini, yeye upande wa wanawake na watoto upande wao, na kwa mwezi wanaonana kwa kubahatisha. Kila mwanamke pale getini alikuwa na shangazi au jirani aliyeingia nyumba ile, na wachache walikuwa na aliyetoka.

Lettice alikuwa amembeba mtoto wake mdogo kiunoni. Nilimwona akivuta pumzi na midomo inaachana. Keziah, bila hata kugeuza shingo, akarudisha mguu nyuma na kumkanyaga kwa buti ya mumewe. Lettice akafunga mdomo. Macho yakamjaa machozi. Labda ni ya uchungu wa moyo, lakini buti ile ilikuwa na misumari.

Garrod hakuona. Charity Mobbs aliona. Charity hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mume mlevi na meza imejaa vinywa, na gunia lake siku hiyo lilikuwa limeshiba kuliko yote.

"Keziah," akasema polepole, "wewe huwa unafika wa kwanza."

"Huwa nafika."

"Basi uliona. Mwambie bwana, twende nyumbani. Mimi ulinimwagisha kwa masuke mawili, mbele za watu. Leo umepata huruma wapi?"

Wanawake wakaanza kunong'ona. Nilisikia mmoja akisema kwamba kosa la mtu mmoja haliwezi kuwalaza wengine njaa, na mwingine akimwambia anyamaze, na yule wa kwanza akisema hanyamazi. Wawili watatu walishaanza kumtazama Lettice, na mtu akitazamwa vile hahitaji kutajwa. Dorcas wangu alikuwa anatazama chini. Mimi nilitazama masikio ya farasi. Nilikuwa najua kila kitu, na nilikuwa naomba Mungu Garrod asigeuke kuniuliza.

"Unasikia, mama Rudd?" Garrod akasema. "Hata wenzako wamechoka. Wewe umenilea. Ulikuwa mtumishi kwa mama yangu, ulinifundisha kusema kweli kwa kunichapa na kijiko cha uji."

"Nilikuchapa kwa sababu ya mengine pia," Keziah akasema. "Orodha ilikuwa ndefu."

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Nakuuliza mara moja. Nani aliyemhamisha Mlinzi?"

"Kengele niliipiga mimi."

"Kengele nilijua. Nauliza Mlinzi."

"Kengele ikishalia, shamba liko wazi. Hawa wote waliingia kwa kengele, hakuna aliyetangulia. Mimi ndiye mwenye kengele. Wana kosa gani hawa?"

"Na kabla ya kengele?"

Mtu angedhani Keziah angeweza kusema uongo. Ungekuwa mwepesi tu: upepo, mbweha, watoto wa Hartsby. Lakini katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akidanganya, hata kwenye mazishi, ambapo sote tunadanganya kidogo.

Alishusha gunia lake begani. Lilikuwa zito, tangu alfajiri mgongo haujanyooka, na mgongo ule haukuwa wa msichana. Mumewe, Job, alikuwa ameangukiwa na gogo katika kazi za Garrod, siku hizi alikuwa wa kukaa mlangoni na kusuka vikapu. Unga wa nyumba ile ulikuwa wa gunia hili, hapakuwa na mwingine. Na nyumba yenyewe ilikuwa ya Garrod. Walikaa humo kwa sababu hakuna aliyewaambia watoke.

Alifungua kamba, akalipindua gunia. Masuke yakamwagika juu ya ule mganda uliolowa, mengi, yakaufunika wote, mengine yakaingia topeni. Akalikung'uta mpaka pembe. Aliifungua na aproni, ikamwagika nayo.

Charity Mobbs akasema, "Keziah, usifanye hivyo," kwa sauti ambayo haikuwa ile ya mwanzo. Lettice alianza kulia bila kujificha.

"Unataka mmoja," Keziah akamwambia Garrod. "Huyo mmoja amemwaga. Waache hawa wapite."

Garrod alitazama lile rundo miguuni pake. Uso wake ulikuwa mwekundu tangu mnadani, sasa ukawa na mabaka. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa machozi na kwa matusi, na kwa hili hakuwa amejiandaa. Alimtazama Keziah, akawatazama wanawake mmoja mmoja, na alipofika kwa Lettice nilishika hatamu kwa nguvu mpaka farasi akarudi nyuma.

"Ni wewe?" akamuuliza Keziah. "Ama unamfichia mtu? Usinichezee, mama. Unajua nyumba unayolala ni ya nani."

Keziah alilikunja gunia tupu, akalitia kwapani. Alimwendea pale getini alipojaza njia, na akasimama mbele yake karibu kabisa, akingoja, kama mtu anayengoja ng'ombe apishe. Garrod akapisha. Sijui kama alitaka; mwili ulipisha wenyewe.

Alipofika kwangu alisimama kidogo. "Legeza hatamu," akaniambia, "unamuumiza mdomo." Nikatazama mikono yangu, na kweli nilikuwa namnyonga mnyama wa watu.

Akaendelea na njia. Tope lilikuwa linashika buti zile kubwa na kuziachia, linazishika na kuziachia, na hakuharakisha. Nyuma ya Garrod geti lilikuwa wazi na wanawake hawajui kama wapite au wakae, wote wanamsubiri yeye, na yeye ameligeuzia mgongo shamba lake anaangalia barabara.

"Keziah," akaita, na safari hii hakuwa kama tajiri wa mtu, alikuwa kama anayetaka kweli kujua. "Ni wewe?"

Keziah alikuwa ameshafika kwenye kona ya kanisa. Hakugeuka.