Nunzia na ngazi ya marumaru ya kasri la Napoli

Saa moja asubuhi, Nunzia Scognamiglio anakamua tambara, anarudi nyuma na kuitazama ngazi kuu ya kasri la kifalme. Marumaru inang'aa, bado mbichi.

"Atakayekanyaga kabla haijakauka, ole wake," anasema, na wala hatanii.

Aniello, mlinzi wa lango, anazungukia mlango wa nyuma. "Mimi nimeoa hapahapa Napoli," anacheka. "Mwanamke akishapiga deki, hupiti. Hata mfalme angesubiri nje!"

Nunzia, mwenye miaka 54, ameifanya kazi hii kwa miaka ishirini na zaidi. Leo ni Jumapili ya kiingilio bure, na mama yake, Bi Titina, ameahidi kuja kwa mara ya kwanza.

Hilo si ajabu. Sisi watu wa Napoli tunalipita kasri kila siku tukienda kunywa kahawa, kuingia tunawaachia wageni. Ila Bi Titina alikuwa na lake jambo. Yeye ni fundi wa magauni ya harusi, na sindano alimfundisha bintiye angali mdogo.

"Nilipochukua ndoo, aliniambia, 'Nimekufundisha kushona shela, wewe unakwenda kufuta nyayo za watu,'" anakumbuka Nunzia. "Iliniuma. Mpaka leo inaniuma. Sitaki anisifu, nataka aione kazi yangu tu."

Lango linafunguliwa, wageni wanamiminika. Katikati yao yumo Bi Titina, anajikongoja na fimbo yake. Anafika chini ya ngazi, anainua macho. Nyuma ya nguzo, Nunzia anamchungulia.

Bibi anainama, anaigusa marumaru kwa kidole. Kisha anainyoosha fimbo na kuziba njia.

"Hee! Nyie! Mnakwenda wapi na viatu hivyo? Hamwoni pamepigwa deki?"

Wageni hawaelewi hata neno moja, lakini fimbo wanaielewa. Jamaa mmoja mwenye kaptura anarudi nyuma upesi.

"Bibi, waache wapite jamani," anasihi Aniello. "Wamekuja kuona kasri."

"Watasubiri! Mwanangu kaamka alfajiri kuisafisha hii, halafu waje kuichafua? Thubutu!"

Nunzia anafunika uso kwa aproni. Analia, na huku anacheka. Anapopata sauti, anasogea. "Mama, imeshakauka."

"Nyamaza wewe. Pale kwenye kona bado."

Siku hiyo Bi Titina hakupanda. Alilinda mpaka aliporidhika, na hapo magoti yakawa yamegoma. Nunzia ameshaomba ruhusa amlete Jumapili kama hii mwezi ujao, kabla wageni hawajaingia, amfikishe mpaka ukumbi wa kiti cha enzi.

"Nitamshika mkono, tutapanda polepole," anasema. "Na deki nitapiga Jumamosi jioni, ili akija asiwe na kisingizio."