Suruali ya Harusi ya Shemeji

Dada yangu ni fundi cherehani, na ukitaka kumuudhi mwambie mteja wake kanenepa. Kwake huo ni utovu wa adabu. Mtu akija na gauni linalogoma kupita kiunoni, Dada hulipapasa, hutikisa kichwa, halafu husema kwa sauti ya pole, "Nguo imerudi hii, imesinyaa. Sabuni za siku hizi hazifai kabisa." Mteja anashusha pumzi. Dada anafumua mshono, anaachia kidogo, na mtu anaondoka akizilaani sabuni. Mimi nashona vifungo pale kwenye kona, na nakwambia, kwa jinsi nguo zilivyokuwa zikirudi mtaani kwetu, wenye viwanda vya sabuni wangeshafungwa.

Mumewe, yaani shemeji yangu, ni fundi redio. Kibanda chake kimebanana na mlango wa duka letu. Anakaa kwenye stuli kuanzia asubuhi, redio zilizopona zinaongea zote kwa pamoja, naye anabishana nazo. Mwaka jana zilishikilia jambo moja: presha inapanda nchi nzima, kisukari kinaongezeka mpaka kwa vijana, watu wanakaa sana, wanatembea kidogo, wanalala na mawazo. Shemeji anacheka mpaka magego yanaonekana.

"Hiyo ni nchi nzima, siyo mimi," anaijibu redio. "Mimi bado naingia kwenye suruali yangu ya harusi. Nani mwingine hapa anaweza kusema hivyo?"

Na kweli alikuwa anaingia. Ni suruali ya kijivu, aliyoshonewa na Dada mwenyewe walipooana. Kila penye sherehe aliivaa, akapita mtaani akijipiga tumbo kama anayechagua tikiti maji. Watu waliliona tumbo, wakaiona suruali, wakakosa la kusema.

La kusema nilikuwa nalo mimi, ila niliapishwa. Dada alibakiza kipande kikubwa cha kitambaa kile cha harusi. Kila suruali ilipoanza kubana, aliifumua kimyakimya, akatia ukanda mwembamba ndani ya mshono, akapiga pasi, akairudisha kabatini. Ufundi wake si wa kitoto, hata ukiigeuza huoni kitu.

"Mwache afurahi," aliniambia. "Furaha nayo ni afya."

Nilicheka. Ilikuwa siri tamu, nani angekasirika?

Utamu uliisha shemeji alipoanza kunywa maji. Si maji ya kiu, jamani, maji ya kumaliza dumu! Akawa haoni vizuri nyaya nyembamba, akaisingizia taa. Halafu siku moja, akiwa amevaa ndara, tone la risasi ya kulehemu likamdondokea mguuni. Shemeji akaendelea kupiga soga na mteja wake. Sisi ndio tulioshtuka, kwa harufu. Alipotazama chini ngozi ilikuwa imeshaungua, naye hakuwa amesikia chochote. "Mguu wa kiume huu," akasema, akacheka. Dada hakucheka. Mchana kutwa cherehani yake ilikuwa kimya.

Wiki hiyohiyo wahudumu wa afya walisimamisha hema kwenye uwanja wa shule, wakawa wanapima watu presha na sukari bure. Dada akambembeleza mumewe twende.

"Wakapime wagonjwa," shemeji akajibu. "Mimi ushahidi wangu uko kabatini."

Akambembeleza tena jikoni, akajibiwa suruali. Akambembeleza mezani, suruali. Ijumaa alikuja dukani akakaa mbele yangu akalia. Dada yangu halii hovyo. "Nimemshonea uongo kwa mikono yangu," akasema, "na mwenzangu kauvaa. Nikimwambia, ataona nimemfanya kichekesho miaka yote."

"Na usipomwambia?"

Alijifuta macho, akaenda nyumbani kabatini, akarudi na suruali na wembe wa kufumulia.

Jumamosi ilikuwa harusi ya mtoto wa jirani, na ndiyo siku hema lilikuwa linavunjwa. Mimi nilikuwa sebuleni, na pazia la chumbani halizuii kitu. Nikasikia shemeji anavuta. Anaruka. Anabana pumzi. Anaruka tena mpaka kabati linatikisika.

"Fundi! Njoo uone! Suruali imerudi!"

"Haijarudi," Dada akasema. "Hiyo ndiyo suruali uliyonioa nayo, iko vilevile. Uliyokuwa unavaa ni hizi." Nikasikia anaziweka kanda zile kitandani.

Shemeji akauliza kwa sauti ndogo, "Mtaa mzima unajua?"

"Anajua mdogo wangu tu."

"Kumbe na wewe, shemeji!" akanipigia kelele. Nikajifanya natafuta sindano chini ya kochi.

"Umenifanya mjinga ndani ya nyumba yangu," akamwambia mkewe, na hasira ilikuwa ya kweli.

"Nilitaka ufurahi. Nilikosea," Dada akasema. "Wateja nawaambia nguo imerudi kwa sababu wana watu wao nyumbani wa kuwaambia ukweli. Wewe una nani mwingine? Mguu umeungua hujasikia. Naogopa, mume wangu. Naogopa utanifia huku unanichekesha."

Pazia likafunguka kwa nguvu. Shemeji katoka na bukta na shati la harusi, kashika njia ya uwanjani bila kutusubiri. Tulimkimbilia nyuma.

Sukari ilikuwa juu, presha nayo imeifuata. Nesi akautazama ule mguu, akaugusagusa. "Baba, umekuja ukiwa bado unatembea," akasema. "Hii tunaiweza. Dawa, chakula, mwendo, na viatu vya kufunika. Ndara marufuku."

Shemeji akanigeukia. "Basi nami nimetangazwa redioni," akasema, na nikajua hasira imepungua.

Siku hizi redio ikipona anampelekea mwenye nayo mpaka kwake, kwa miguu, viatu vimefungwa kamba. Bado anabishana nazo, ila zikija habari za afya anawaambia watu wanyamaze wasikilize. Zile kanda Dada alizishona zote upya kwenye suruali, safari hii mumewe kakaa mbele yake anatazama. Kiuno kikilegea, shemeji anaingia dukani kifua mbele: "Fundi, toa ukanda mmoja!"

Dada naye kaacha kuzisingizia sabuni. "Mwenzangu, umeongezeka," anamwambia mteja. "Kapime kwanza zahanati, gauni utalikuta." Wachache walisusa. Wengi walinuna, wakaenda kupima, wakarudi na gauni lao.

Wiki iliyopita shemeji alikuja kutolewa ukanda wa mwisho. Duka limejaa wateja. Dada alipomaliza kushona akasimama, akijishika mgongo, na shemeji akaichukua futi ya kupimia shingoni mwa mkewe, akamzungushia kiunoni. Dada akabana pumzi. Futi ikatazamwa na duka zima.

"Gauni limerudi," Dada akasema.

Tulicheka mpaka mteja mmoja akakaa chini. Shemeji peke yake hakucheka. Aliikunja futi taratibu, akaiweka juu ya cherehani.

"Vaa viatu, mke wangu, twende ukapime," akasema. "Wewe nawe una nani mwingine?"

Dada akainama chini ya meza kutafuta viatu vyake.