Root canal ya Mama, na ushauri niliompa mimi

"Sasa kama jino halina tena uchungu, likianza kuharibika nitajuaje?"

Mama aliniuliza hivyo tukiwa jikoni, nyumbani Changamwe, akichambua mchicha. Nikamjibu jambo jingine kabisa.

Wakuu, salaam kwenu. Mimi humu huwa msomaji, na nikiandika basi ni kubishana. Leo sibishani. Haya yametokea kwetu, na pale panaponichoma sijapapunguza.

Mama alikuwa mwalimu wa chekechea. Kazi yake kubwa ilikuwa sauti za herufi. Darasa lake lilikuwa upande wa Airport, na ndege ikipita alisimama katikati ya "sa, se, si", watoto wakangoja midomo wazi, kisha wakaendelea.

Meno yake ya mbele ya juu yaling'olewa zamani. Alivaa ya bandia, yenye waya ulioshika jino moja la pembeni. Jino hilo ndilo lililooza. Likitoka, meno ya bandia hayana pa kushika. Ndiyo maana daktari akashauri root canal badala ya kung'oa.

Kwa msiojua: ndani ya jino mna mshipa. Ukishaoza, daktari anatoboa jino, anautoa, anasafisha mifereji ya mizizi mpaka chini, halafu anaijaza. Jino linabaki mahali pake.

Nilimsindikiza. Nilisoma takwimu chuo kikuu, na tabia ya kuuliza "umejuaje?" haijanitoka. Nikamuuliza daktari eksirei ya nini, kwa nini aje mara mbili, kwa nini isiwe leo leo. Alinijibu yote kwa utulivu. Mama, mdomo umejaa ganzi, alikuwa akinifinya mkono ninyamaze.

Kuhusu maumivu, msitishwe na hadithi za mtaani. Mama alisinzia palepale kitini. Baadaye jino lilimuuma kidogo akitafuna, siku tatu nne hivi, likatulia. Kilichomtesa ni wiki za kabla ya hapo, akinunua antibiotiki duka la dawa. Uvimbe ulipungua, akadhani amepona, kumbe uozo unaendelea ndani.

Mara ya pili mifereji ikajazwa, juu pakazibwa kwa dawa ya muda. Daktari akasema limebaki jambo moja. Jino lile sasa ni kuta nyembamba tu, lazima livikwe kofia, ile wanayoita crown. Mpaka livikwe, asitafunie upande huo.

Hapo ndipo nilipoanza mimi.

Kama limekufa, kofia ya nini? Daktari alieleza, nikasikia, sikukubali. Nikaingia mtandaoni nikapata watu wenye hasira wanaosema madaktari wa meno huongeza vitu visivyohitajika. Wanaosema kinyume sikuwatafuta. Mtu wa takwimu mimi.

Wiki chache baadaye, Jumatano, Mama akaniambia kesho ana miadi kliniki.

"Mama, linauma?"

"Haliumi."

"Basi limepona. Hao wanataka kukurudisharudisha tu."

Ndipo akaniuliza lile swali. Nikampa simu yangu asome alichoandika mtu mmoja nisiyemjua hata jina. Akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akanirudishia simu. Akasema, "Haya."

Alhamisi hakwenda.

Ilipita kama wiki mbili. Tulikuwa tunakunywa chai, mahamri na mbaazi, na kwenye mbaazi mkawa na kijiwe. Mlio niliusikia mimi. Yeye hakusikia uchungu wowote. Alitoa kipande, akakiweka kiganjani, akakitazama kama si chake.

Jino lilikuwa limepasuka mpaka kwenye mzizi. Nilitaka arudi kliniki ile, akakataa, na sikumuuliza sababu. Tukaenda hospitali ya serikali, wakasema hapo hakuna la kuokoa. Wakaling'oa.

Meno ya bandia yakaanza kucheza. Siku moja yakamdondoka darasani. Watoto wakacheka, naye akacheka nao, akayatia mkobani, akaendelea kufundisha hivyo hivyo.

Sasa, mtoto wa miaka minne haigi sauti tu, anaiga mdomo wa mwalimu. Muhula ulipoisha, darasa zima lilisoma "tha, the, thi" palipoandikwa "sa, se, si". Baba mmoja akamtania getini: "Mwalimu, huyu wangu umenigeuzia Mwarabu." Mama akacheka na hilo pia. Mzazi mwingine hakutania, alikwenda kwa mwalimu mkuu.

Mwaka ulipofunga, Mama hakurudi darasani.

Alitengenezewa meno mengine baadaye, lakini hayakai, anayazuia kwa ulimi. Siku hizi huongea maneno machache, mkono mdomoni. Nikimpigia simu anakata, kisha anatuma ujumbe.

Wakuu, kuuliza si kosa. Kosa langu ni kwamba maswali yote nilimpa daktari, mimi mwenyewe sikujiuliza hata moja.

Kama unafanyiwa root canal, uchungu kuisha si mwisho wa matibabu. Uliza mapema yataisha lini hasa. Uliza kama jino lako linahitaji kofia, maana si kila jino huhitaji, na utafunie wapi kwa sasa. Jino lililotolewa mshipa halikupigii kelele.

Aliyepitia haya aandike hapo chini, hata kama ni kunilaumu. Daktari wa meno akiwemo humu, anirekebishe nilipokosea.

Jambo moja nimelijua mwaka huu tu. Jino langu liliniuma, nikaenda kliniki ileile. Dada wa mapokezi akasoma jina la ukoo, akaniuliza kama mimi ni binti wa Mwalimu. Akavuta droo, akatoa kiboksi kidogo chenye jina la Mama. Ndani mna kofia.

Kumbe Mama alikuwa amekwenda peke yake nikiwa kazini. Jino lilishachongwa, likapimwa, na miadi ya Alhamisi ile ilikuwa ya kuivisha tu.

"Tulimpigia mara tatu," yule dada akasema. "Akatuambia binti yake amesoma, kamwambia asirudi."