Mwadhama wa Sahani Mbili

Sista Ersilia, aliyewapakulia makardinali chakula siku za kumchagua papa, alimpenda yule mnene. Kardinali huyo kitambaa alikichomeka shingoni, mkate akauzungusha kwenye sahani mpaka ikang'aa, na akitaka nyongeza aliinua tu kidole kimoja, huku akivuma wimbo puani. Siku ya tatu, baada ya kura za asubuhi, kidole hakikuinuka.

“Mwadhama, chumvi imezidi?”

“Hapana, sista. Wenzangu wameanza kunipisha mlangoni.”

Sista akaelewa kura zinaelekea kwake, akamwachia tambi zake zipoe. Alasiri alichaguliwa mwingine. Makardinali wakapanga foleni kumpongeza papa mpya, na yule mnene, tabasamu likiwa limemshinda kulificha, akamshika mikono yote miwili na kumwambia, “Pole sana, Baba Mtakatifu.”