Tanuri la Nyuma ya Wodi

Mchoma taka wa hospitali hawashi tanuri kabla ya kukagua kila mfuko kwa koleo ndefu, glavu zikimfika viwikoni, huku akinung'unika kama mama mkwe. Akikuta chupa ya plastiki kwenye mfuko wa sindano, huirudisha wodini mwenyewe. "Dada, hii nikiichoma watakohoa watoto wa jirani," humwambia muuguzi, kwa sauti ya chini isiyo na mzaha. Majirani walikuwa wameapa kulifungisha tanuri hilo kwa sababu ya moshi wake mweusi. Leo wamekuja hadi ukutani, wako tayari kwa ugomvi. "Mwanangu, unawasha saa ngapi, tukajifungie ndani?" akauliza bibi mmoja. Mchoma taka akashusha barakoa, meno yote nje. "Bibi, linawaka tangu asubuhi."