Kwamboka na Mti wa Nyuma

Kabla ya kuwa mlinzi Doha, Kwamboka alikuwa karani wa kupima majani ya chai huko Nyamira kwa miaka kumi na minne. Wakulima wa kituo chake walimwogopa kuliko mvua ya mawe, maana mvua ya mawe haiji kila siku. Ukimletea gunia lenye maji, alilimwaga. Ukimkumbusha kwamba mama yako na mama yake walibatizwa pamoja, alikujibu kwamba mizani haina shangazi. Kituo kilipofungwa alimwacha binti yake, Ann, kwa dada yake, akaja Qatar, akapangiwa geti namba tatu la chuo kimoja cha Kimarekani. Sisi walinzi wenzake tulikuwa tukipanda naye basi la kampuni kutoka makazi yetu ya Muaither saa kumi na moja alfajiri, na ndiye pekee ambaye hakusinzia.

Mwezi wa Septemba chuo kilianzisha timu ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kuvaa helmeti na kukimbia na mpira mikononi. Mabango yalitundikwa hadi vyooni: MSIMU WA MABINGWA. Walinzi peke yao ndio hawakuarifiwa. Kwa hiyo siku ya kwanza ya mazoezi Kwamboka alifanya kama alivyofundishwa, akaandika katika OB, kitabu chetu cha matukio:

"Saa 10.42 alasiri. Vijana 22 wenye kofia ngumu wamejipanga pande mbili na kuangushana kwa makusudi. Mmoja amekimbia na mali ya chuo hatua 31 kabla ya kukamatwa na watu sita. Mzee mwenye filimbi anawachochea."

Ripoti ilipanda ngazi kama moshi. Kesho yake mzee mwenye filimbi, ambaye alikuwa Kocha Henry kutoka Marekani, aliitwa ofisini kueleza kwa nini anachochea vurugu. Aliisoma mara mbili, akauliza ni nani aliyehesabu zile hatua. Alipoonyeshwa Kwamboka, alikwenda uwanjani na futi kamba, akapima mwenyewe. Hesabu ilikuwa sawa.

"Huyu nampeleka kwenye mnyororo," akasema.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi. Ikifaulu inaendelea, ikishindwa inawaachia wapinzani mpira. Pembeni husimama watu wawili, kila mmoja ameshika mti, na miti hiyo imeunganishwa kwa mnyororo wa yadi kumi. Refa akiwa na shaka huwaita uwanjani. Mti wa nyuma unawekwa pale timu ilipoanzia, mnyororo unanyooshwa, na watu wazima wenye shahada wanainama kutazama kama mpira umeufikia mti wa mbele. Kwamboka alipewa mti wa nyuma. Mti wa mbele akapewa Levis, kijana wetu wa Nakuru, asiyeweza kunyamaza hata akiwa anakula.

Majina yao yalisajiliwa kwenye ligi pamoja na nakala za vitambulisho vya ukaazi. Kubadilisha jina kulihitaji maombi ya siku ishirini na moja.

Ligi ilikuwa na timu nne: chuo, watu wa benki, walimu wa shule za kimataifa, na wahandisi wa mradi mmoja wa Al Wukair. Kila timu ingekutana na nyingine mara mbili, na mbili za juu zicheze fainali Ijumaa ya pili ya Desemba. Ijumaa hiyo hiyo Ann alikuwa anahitimu uuguzi Kisii. Kwamboka hakuwa amemwona kwa miaka miwili. Livu yake ilikuwa imekubaliwa, tiketi imekatwa ya Jumatano. Ila msimamizi wetu, Fabian, alikuwa ameongeza mstari mmoja chini ya fomu: iwapo timu haitafika fainali.

"Usijali, Madam Kwamboka," Fabian alimwambia. "Hawa wafike fainali? Nitakubebea sanduku mimi mwenyewe hadi uwanja wa ndege."

Na kweli, chuo kilipigwa na wahandisi thelathini na nane kwa bila. Walimu wakawapiga. Benki ikawapiga mara mbili, na mara ya pili kwa huruma. Gazeti la chuo liliandika kwamba timu "inajifunza kwa kasi". Kwamboka alinunua viatu vyeupe vya Ann, akavifunga katikati ya blanketi ili visibonyee.

Novemba mradi wa Al Wukair ukaisha, na nusu ya wahandisi wakarudishwa makwao. Timu yao ikajitoa. Kwa kanuni za ligi, wote waliopangwa kucheza nao walipewa ushindi, hata kwa mechi zilizokwishachezwa. Zile thelathini na nane kwa bila zikageuka ushindi wa chuo. Bango jipya likatundikwa: HATUKATI TAMAA. Ilibaki mechi moja, dhidi ya walimu. Walimu nao walikuwa wamepigwa na benki mara mbili, na kwa kanuni timu zikilingana huamuliwa na mechi yao ya mwisho, kwa hiyo atakayeshinda anaingia fainali.

Siku hiyo, dakika mbili kabla ya mwisho, walimu walikuwa mbele kwa pointi nne. Chuo kilikuwa kwenye jaribio la nne. Kijana wao akaruka na mpira, akalaliwa na watu saba. Refa alipowatoa mmoja mmoja, alitazama mpira, akakuna shingo, akaita mnyororo.

Kwamboka na Levis waliingia uwanjani wakitembea sambamba.

"Mama Ann," Levis alisema bila kufungua mdomo sana, "ukisogeza huo mti mbele kidole tatu tu, mpira haufiki. Wanapoteza. Jumatano uko kwa ndege."

"Tembea."

"Nani ataona? Refa mwenyewe anavaa miwani."

"Levis, nyoosha mnyororo."

Kwamboka aliutafuta mstari wenyewe kwenye nyasi, akapiga goti, akausimika mti wa nyuma. Levis akavuta. Mpira ulikuwa umeupita mti wa mbele kwa vidole viwili. Refa akanyoosha mkono, chuo kiendelee, na dakika moja baadaye kijana wao mmoja alivuka mstari wa mwisho na kuleta pointi sita za ushindi. Wanafunzi ambao hawakuwahi kuja kwenye mechi walimwagika uwanjani wakipiga picha.

Levis, kwa kuwa ni Levis, alimsimulia kocha kila kitu. Macho ya kocha yalilowa. Aliwakusanya vijana, akawahutubia nusu saa juu ya heshima. Jioni picha ya Kwamboka ilikuwa kwenye ukurasa wa chuo, na chini yake: UADILIFU HUANZA NASI.

Kesho yake alikwenda kwa kocha.

"Kocha, naomba uniache niende kwa binti yangu. Levis anaweza kushika mti wa nyuma, na mlinzi mwingine ule wa mbele."

"Mama, baada ya uliyoyafanya?" kocha alisema, mkono kifuani. "Nimpate wapi mtu mwingine wa kuaminika hivyo?"

Akaenda kwa Fabian. Fabian alitazama fomu, akatazama kalenda.

"Siku ishirini na moja, Madam. Mudir wa kampuni amesema khalas, mambo yamekwisha, tiketi ihamishwe Februari. Ungenijulisha mapema kwamba mtashinda."

Fainali ilichezwa asubuhi, kwa sababu alasiri uwanja ulikuwa umekodiwa kwa maonyesho ya paka. Benki ilishinda arobaini na moja kwa bila. Hakuna mpira uliokaribia kuleta shaka. Ama chuo kilikwama pale pale kilipoanzia, ama benki ilipita mbio. Kwa saa tatu Kwamboka alisimama pembeni na mti wake, na mnyororo haukuitwa uwanjani hata mara moja.

Simu ilipolia, vijana walikuwa wanapewa medali za kushiriki.

"Mama, mlishinda?" Ann aliuliza.

"Hatukushinda."

"Walikuita kupima mara ngapi?"

"Hawakuniita."

Nyuma ya Ann kulisikika vigelegele vya familia za watu wengine.

"Joho linarudishwa leo saa kumi," akasema. "Bado nimelivaa. Niwashe video?"

"Washa."

Kwamboka aliulaza mti kwenye nyasi. Levis akabaki ameshika wake, akautazama mnyororo, kisha akatazama pembeni.

"Simama pale penye mwanga," Kwamboka alisema. "Sasa geuka nione nyuma. Polepole. Bega la kushoto limeshuka. Livute."